Mkwaruzo wa Wimbo wa Tatu

"Toa dole gumba hapo."

Yule kaka mwenye shati la buluu alitazama kulia, akatazama kushoto, ndipo akatambua kwamba anayeambiwa ni yeye. Ilikuwa Jumamosi asubuhi kwenye soko la santuri. Ukumbi wa michezo wa shule ulijaa watu mpaka mlangoni, masanduku yamepangwa juu ya meza ndefu, na kila mtu anapekua albamu za zamani kama kuku anayechakura. Yeye alikuwa amechomoa santuri moja kutoka kwenye jalada lake na kuikamata katikati, kama mtu aliyekabidhiwa sahani ya wali na hajui aiweke wapi.

"Unashika ukingoni, au kwenye lebo," dada wa upande wa pili wa meza aliendelea. "Hapo ulipoweka dole gumba ndipo wimbo ulipo. Umeukalia."

"Samahani. Sikujua nimemkalia mtu."

"Sasa unajua."

Dada huyo alivaa gauni la njano la mikono mifupi, nywele amezifunga kitambaa cha kijani, na shingoni ananing'iniza lenzi ya mkono kwa kamba ya kiatu. Lenzi hiyo ndiyo iliyompa jina. Kwenye dunia ndogo ya wanunuzi wa santuri hakuna aliyemwita vingine ila Darubini. Alifanya kazi dukani kwa mjomba wake, na kazi yenyewe ilikuwa kupanga madaraja. Kila santuri iliyoingia aliiinamisha chini ya taa, akaigeuza polepole, akahesabu mikwaruzo yake, kisha akaandika kadi ndogo: Safi Sana, Safi, Nzuri, Nafuu au Chakavu. Lilikuwepo daraja moja juu ya hayo yote, Mpya Kabisa, lakini hilo hakuwa amewahi kumpa mtu wala kitu. Kwa miaka saba hakuna mteja aliyerudisha santuri akilalamika kwamba kadi ya Darubini imedanganya. Jambo hilo alilivaa kama mwingine anavyovaa hereni za dhahabu.

Kaka hakuondoka. Alisimama akimtazama anavyokagua santuri nyingine, ameisogeza karibu na uso kiasi cha kuigusa.

"Dada, naomba kukuuliza kitu bila kukukera."

"Umeshanikera. Uliza."

"Hiyo unaisoma au unainusa?"

Mjomba, aliyekuwa akipanga masanduku nyuma, alicheka mpaka akakohoa. Darubini alimgeukia kaka kwa jicho kali.

"Mimi ni fundi miwani," kaka alijitetea. "Nasaga lenzi, ndiyo kazi yangu. Mtu mwenye macho mazima hapeleki kitu puani namna hiyo."

"Na mtu mwenye adabu hapeleki pua kwa watu asiowajua. Hiyo uliyoshika ina alama ya dole lako. Ni yako, lipa."

Alilipa. Akaomba na namba ya simu, eti aulize namna ya kufuta alama ya dole gumba. Darubini alimpa, kisha akajishangaa kwa nini ameiandika polepole vile, tarakimu moja moja, kwa mwandiko ule anaouweka kwenye kadi za Safi Sana.

Simu ya kwanza ilikuja jioni ileile.

"Nimeifuta kwa pamba. Nimefanya vizuri?"

"Pamba inaacha nyuzi. Tumia brashi laini, uzungushe kufuata mistari, usiikate."

Ya pili ilikuja kesho yake saa nne. "Brashi ya viatu je?"

"Fundi, wewe unataka kunipandisha presha."

"Nataka kukusikia. Brashi ninayo, nilinunua jana ileile."

Ikawa hivyo. Alimpigia asubuhi kumuuliza kama amekunywa chai, mchana kumuuliza kama amekula, na jioni kumwambia kwamba ameona gari la njano likamkumbusha gauni. Mjomba alianza kuitazama saa ya ukutani kila simu ilipolia. "Mpwa wangu," alisema siku moja, "huyo kijana mwambie ahamie humu ndani, tutaokoa vocha." Darubini alijifanya hakusikia. Alikuwa ameshapenda, tena kupenda kule kwa kuchoma, kunakomfanya mtu aweke santuri kwenye jalada lisilo lake na kulitambua kosa dakika kumi baadaye.

Walikorofishana juu ya kitu kimoja tu, miwani. Fundi alimpima macho kwa hila, akimsomesha mabango ya barabarani kila walipotembea, na mwezi wa tatu wa kujuana kwao akamletea miwani aliyoitengeneza mwenyewe, yenye fremu nyembamba ya rangi ya kahawia.

"Jaribu tu, mpenzi. Dakika moja."

"Wateja wakiniona na miwani watasema kadi zangu zote za miaka saba nimeandika kwa kubahatisha."

"Watasema umependeza."

"Nitaivaa siku yake ikifika."

Akaifungia kwenye droo ya meza ya kazi, chini ya kadi. Kila alipofika dukani, Fundi alitupia droo ile jicho.

Mwezi wa tano Fundi aliingia na kifurushi amekikumbatia kwa mikono yote miwili. Ilikuwa albamu ya zamani ya bendi ya kina dada watatu, jalada la rangi ya machungwa, mgongo umechanika juu mpaka chini na kona moja imeliwa na panya.

"Ya mama," alisema. "Anatimiza sitini Jumapili hii. Naomba uifanye iwe nzuri, kadiri unavyoweza. Nataka ashangae."

"Nzuri kiasi gani?"

"Kabisa. Tumia ufundi wako wote. Sherehe ni ya ndugu wa karibu tu, ila Jumapili inayofuata nakupeleka umsalimie. Nimeshamwambia yupo mtu."

"Ulimwambia nini kuhusu huyo mtu?"

"Kwamba anafoka kama yeye."

Alipoondoka, Darubini aliiweka santuri chini ya taa. Aliikagua kwa makini kuliko kawaida, kwa sababu zawadi hii ingefika mbele ya mama mkwe kabla yeye mwenyewe hajafika. Upande wa kwanza ulikuwa na mkwaruzo mmoja mbaya kwenye wimbo wa tatu, umepinda kama mundu, wa kina cha kukwamisha sindano. Aliuandika kwenye daftari lake, maana kila kovu aliliandika, na pia namba iliyochongwa karibu na lebo. Kadi ingekuwa Chakavu. Hakuna ufundi unaoziba mkwaruzo.

Lakini watu wa kazi hii wana desturi yao. Ukiwa na jalada la nakala moja na sahani safi, yaani santuri yenyewe, ya nakala nyingine ya albamu ileile, unaziunganisha, unapata kitu kimoja kizuri. Wao huita kuziozesha, kama bwana na bibi harusi. Na Darubini alikuwa na nakala ya pili. Haikuwa ya duka, ilikuwa yake, ameitafuta miaka minne na kuipata kwenye mnada wa nyumba ya watu waliohama. Safi Sana, isiyo na hata unywele juu yake.

Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akabandika mgongo wa jalada la mama kwa karatasi nyembamba na gundi, akaziba kona, akatia ndani sahani yake mwenyewe. Ile yenye mkwaruzo aliitia kwenye mfuko mtupu wa karatasi na kuisukuma pembeni ya meza. Fundi alipokuja kuichukua, hakumwambia. Zawadi ya kutangazwa aliiona kama kadi iliyoandikwa kabla ya kukagua.

Jumapili alasiri simu ililia akiwa ameishika mkononi.

"Haya, mama ameshangaa?"

"Ameshangaa." Sauti ya Fundi ilikuwa ya mtu mwingine. "Hii sahani siyo yetu."

"Imekuwa nzuri, si ndiyo? Haikwami."

"Ndiyo, haikwami. Darubini, ile yetu ilikuwa inakwama. Wimbo wa tatu, kwenye neno *ngoja*. Ngoja, ngoja, ngoja, mpaka baba ainuke kwenye kiti aisukume sindano. Tulikuwa tunaimba wote, yeye anajifanya hasikii, anatuacha hata mara kumi. Tangu afariki, mama ndiye anayeisukuma. Leo nyumba nzima imekaa midomo wazi kuingoja, na wimbo umepita moja kwa moja. Mama ameinuka, amekwenda chumbani."

Darubini aliigandamiza simu sikioni.

"Iko wapi yetu?" Fundi aliuliza. "Shemeji yangu hapa anasema toleo la kwanza linatafutwa sana. Anasema madukani ndivyo wanavyofanya, wanakubadilishia."

"Na wewe unasemaje?"

Alikaa kimya. Pengine alikuwa anavuta pumzi tu, pengine mama alikuwa anamwita. Lakini Darubini alikuwa na kipimo chake cha mambo, na kimya kile alikipima kuwa kirefu mno.

"Miaka saba, Fundi," alisema taratibu. "Miaka saba sijaongopa kwenye kadi ya mtu nisiyemjua. Nianze na ya mama yako?"

Akakata, akaizima simu, akakaa sakafuni na kulia kwa hasira. Hasira ilipopungua kikabaki kitu kibaya zaidi. Alikuwa amekosa kweli. Hakuiba, lakini alikichukua kitu cha watu na kukikagua kwa jicho peke yake, wala hakukumbuka kuuliza mkwaruzo ule uliwahi kumfanyia nani nini.

Jumatatu alifika dukani kabla ya mjomba. Pembeni ya meza hapakuwa na kitu. Akapekua sanduku la Chakavu mara tatu, mpaka vidole vikawa vyeusi kwa vumbi.

"Mjomba, shikamoo. Ile sahani niliyoiacha hapa kwenye mfuko mweupe?"

"Marahaba. Isiyo na jalada wala kadi? Niliitia na zile mbovu. Ijumaa Mama Saa alichukua zote."

Mama Saa alikuwa mteja wao wa vitu vilivyoshindikana. Alinunua santuri chakavu, akazitoboa katikati na kuzigeuza saa za ukutani.

"Mwanangu, umepauka. Kaa kwanza."

"Sikai," Darubini alisema. Alivuta droo, akasita, kisha akachukua daftari, lenzi na ile miwani ya kahawia, akatoka mbio.

Karakana ya Mama Saa ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la mapazia. Ukutani zilining'inia santuri kama thelathini, zote na mishale, nusu yake zinatembea, na chumba kizima kinagonga tiki-taka kama mvua ya kwanza juu ya bati. Mama Saa mwenyewe, mwanamke mnene mwenye aproni ya jinzi, alikuwa akikoroga gundi kwenye kopo.

"Darubini. Umekuja kununua saa?"

"Nimekuja kukuangukia, mama. Zile za Ijumaa umezifanya nini?"

"Nimezitoboa zote jana, mishale nimeshatia. Sasa hivi nabandika namba. Kwani vipi?"

"Usibandike. Nakuomba. Gundi ikishika kwenye mistari basi tena."

Akamweleza, kwa pupa, bila kujikinga, mpaka sehemu ya kukata simu. Mama Saa aliweka kopo chini. "Wewe kwa hizi sahani ulikuwa huna huruma, kila kitu Chakavu, Chakavu," alisema. "Leo unazililia. Tafuta, mwanangu. Lebo nilizibandua kwa mvuke, zote ni nyeusi tupu."

Bila lebo sahani zilifanana kama mapacha. Darubini aliinua ya kwanza, akaisogeza puani kama kawaida yake, akajaribu kusoma namba iliyochongwa. Mwanga wa dirisha ulikuwa hafifu na namba zikamwenda upogo. Akajaribu ya pili. Halafu akapumua, akafungua miwani, akaivaa.

Hakuwa amejua kwamba mistari ya santuri huonekana kwa mbali hivyo. Aliona kila mmoja, mkono ukiwa umenyooka. Aliona pia vumbi kwenye mashavu ya Mama Saa, na kwamba Mama Saa anatabasamu.

Ya kumi na moja ndiyo ilikuwa yenyewe. Mishale yake ilionyesha saa sita na dakika ishirini, ule wa sekunde unatembea, na chini yake ule mundu mdogo, pale pale daftari liliposema. Namba ilikubali. Tundu la katikati lilikuwa limepanuliwa kwa keekee, lakini mistari haikuguswa.

"Ingeniwia vigumu kuiuza hii," alisema Mama Saa alipokuwa akichomoa mishale. "Ina jeraha. Nenda."

Kwenye karakana ya miwani Darubini hakumkuta mtu. Kijikaratasi mlangoni kilisema *Narudi punde*. Alikaa kwenye ngazi, sahani mapajani, miwani usoni, akiwa amesahau kwamba ameivaa. Baada ya nusu saa aliona mtu akija mbio kutoka mwisho wa barabara, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alimtambua kabla hajafika. Shati la buluu halikupigwa pasi, na mkononi alishika lile jalada la rangi ya machungwa, ukingoni, kwa ncha za vidole.

Fundi alipomwona alisimama ghafla.

"Nimetoka dukani kwenu," alisema huku akihema. "Nimekupigia tangu jana. Nilikwenda kukuomba radhi, mjomba akanipiga darasa zima. Kaniambia sahani iliyomo humu ni yako. Kaniambia miaka minne."

"Mjomba hana kifua cha siri."

"Darubini, nilinyamaza kwenye simu kwa sababu mama alikuwa analia nyuma yangu. Sikukudhania. Lakini nilipaswa kusema upesi, na sikusema. Nisamehe."

"Mimi nilipaswa kukuuliza. Uliniambia niifanye iwe nzuri, nami nikadhani nzuri ni isiyo na mkwaruzo. Nisamehe mimi kwanza, nimefika hapa kabla yako."

Fundi akakaa kando yake. Ndipo alipomtazama vizuri, na midomo ikaanza kumchezacheza.

"Usiseme," alionya Darubini.

"Sisemi kitu."

"Unacheka."

"Nimefurahi tu, mpenzi. Unaniona?"

"Nakuona. Una kipele kwenye kidevu."

Akamwonyesha sahani, na tundu lililopanuliwa. Ikiwekwa hivyo kwenye mashine ingeyumba, na wimbo ungelia kama mlevi. Fundi aliingiza kidole, akapima kwa jicho, akafungua mlango na kuvaa koti lake jeupe. Akakata kipande cha lenzi iliyoharibika, akakisaga kwenye gurudumu, akakipima, akakisaga tena. Kikatoka kijipete chembamba kama ukucha, kinachopitisha mwanga kiasi cha kutoonekana. Kiliingia tundu lile kikatulia, na sahani ikazunguka bila kuyumba hata kidogo. Darubini, aliyekuwa amemshikia taa muda wote huo, alihisi anataka kumbusu mbele ya mabango yote ya kupimia macho. Akambusu.

Jumapili iliyofuata alivaa lile gauni la njano. Mama yake Fundi alimpokea mlangoni, mwanamke mfupi aliyevaa kitenge kipya, mwenye macho yanayokagua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyenipa santuri nzima?"

"Ndiyo, mama. Nimekuletea mbovu yako."

Mama akamvuta kwa mkono mpaka sebuleni, hakumwachia hata alipokuwa anakaa. Fundi aliweka sahani kwenye mashine, akashusha sindano. Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Kina dada watatu wakaanza ule wa tatu, wakapanda, wakafika pale.

*Ngoja — ngoja — ngoja —*

Mama akajifunika uso kwa ncha ya kitenge na kuanza kuimba humohumo, anacheka na kulia kwa pamoja. Shemeji, ambaye alikuwa amemkwepa Darubini tangu mlangoni, aliimba kwa nguvu kuliko wote, na hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kuomba radhi. *Ngoja, ngoja, ngoja.* Mtu wa kusukuma hakutokea. Kiti cha karibu na mashine, cha baba, kilikuwa kitupu.

"Nenda wewe," mama alimwambia Darubini.

"Mimi, mama?"

"Mimi magoti yananiuma. Na mgeni hatumtumi kazi hii."

Darubini alielewa kwamba ameambiwa si mgeni tena, na masikio yakamwaka. Akaenda, akainama juu ya mashine, akanyoosha kidole. Kabla hajaugusa mkono wa sindano, Fundi alikuwa amepiga goti moja kando ya kile kiti.

"Subiri kwanza. Nina swali."

"Fundi, sindano inakula sahani."

"Ni swali fupi."

"Kila mzunguko inazidi kuchimba. Hujui tu madhara yake. Uliza upesi."

*Ngoja — ngoja — ngoja —*

Fundi alikuwa ameandaa maneno mengi, ameyakariri wiki nzima mbele ya kioo cha karakana. Yote yalimtoka. Alifungua kiganja, na katikati yake palikuwa na pete nyembamba ya fedha.

"Utanioa?" alisema, halafu akashtuka. "Yaani, nikuoe. Utakubali?"

Sebule iliangua kicheko, mama akiwa wa kwanza. Darubini alimtazama Fundi kupitia miwani ya kahawia, kuanzia paji la uso mpaka kile kipele cha kidevuni ambacho hakijapona bado. Aliona kovu dogo juu ya nyusi ambalo hakuwahi kuliona. Hakuna alichotaka kubadilisha.

"Ndiyo," alisema. "Nakubali. Sasa niache nifanye kazi."

Akaisukuma sindano kwa kidole kimoja, taratibu, na wimbo ukaendelea.